Dodoma Hotel, konventi ya San Juan na bei ya ukale

Kisiwani Puerto Rico, katika mji wa kale wa San Juan, kuna hoteli inayoitwa El Convento. Inatazamana na kanisa kuu, ina ua wa ndani wenye mti wa matunda unaosemekana kufikisha miaka 300, na vyumba vyake vimo ndani ya jengo ambalo mwaka 1651 lilifunguliwa kuwa konventi, yaani nyumba ya masista, ya Wakarmeli, ya kwanza ya shirika hilo katika Karibi nzima. Aliyetoa nyumba yake ili kazi hiyo ianze alikuwa mjane tajiri, Doña Ana de Lansós. Masista walisali humo kwa miaka 252. Mwaka 1903 Kanisa likaifunga, maana matengenezo yalikuwa yanakula fedha kuliko uwezo.

Kilichofuata hakikuandikwa kwa herufi za dhahabu. Jengo lilikaa tupu, kisha likawa duka, likawa ukumbi wa dansi, likawa gesti ya bei chee isiyo na maji wala umeme, na kufikia miaka ya 1950 palikuwa mahali pa kuegesha magari ya taka. Ukaja mpango wa kulivunja kabisa ili wenye magari wapate maegesho. Ricardo Alegría, mwanaakiolojia aliyeiongoza Taasisi ya Utamaduni wa Puerto Rico, akasimama kidete. Akapatikana na mwenye fedha, Robert Frederic Woolworth, wa ukoo wa wenye maduka yale maarufu ya Marekani, akalinunua na kulikarabati. Mwaka 1962 likafunguliwa kuwa hoteli ya kifahari.

Naileta habari ya San Juan Dodoma kwa sababu sisi tumefika pale walipokuwa wao katika miaka ya 1950. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia huku kweli kweli, na hasa baada ya Dodoma kutangazwa jiji Aprili 26, 2018, kiwanja cha katikati ya mji kina thamani kuliko nyumba iliyosimama juu yake. Hesabu ya mwenye mali ni rahisi: vunja cha chini, panda juu. Na kila anayejitokeza kutetea jengo la zamani huambiwa jambo moja, kwamba lifanyeni hoteli basi, lijilipie. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini nusu tu. Hoteli ni mlinzi mzuri wa kuta na mlinzi mbovu wa kumbukumbu, na mji ukiiachia kazi zote mbili utabaki na kuta.

Kwanza tuitendee hoteli haki. Kuna sababu kwa nini konventi nyingi duniani zimeishia kuwa hoteli, wala si bahati. Nyumba ya watawa ina vyumba vingi vinavyolingana, vimepangwa kando ya ukumbi mrefu unaozunguka ua. Ina jiko la kupikia watu wengi, kisima au tangi la maji ya mvua, bwalo la kulia, kanisa dogo linalogeuka ukumbi wa mikutano bila kuhangaika. Kuta zake ni nene, ukimya umo ndani yake tangu zilipojengwa. Ondoa masista, weka mabomba, na kazi ya msanifu imekwisha nusu. Kwa mpangilio huohuo konventi hugeuka pia hospitali, shule au gereza, na nyingi zilipitia huko kabla ya kufika kwenye hoteli. Ile ya Santa Catalina mjini Oaxaca, Meksiko, iliyoanzishwa mwaka 1576, iliwahi kuwa jela, ofisi za manispaa, shule na hata sinema, ndipo ikawa hoteli mwaka 1976.

Na watawa hawakuondoka wote kwa hiari yao. Ureno ilifuta mashirika ya watawa mwaka 1834. Hispania ikafuata miaka hiyohiyo chini ya waziri Mendizábal, ikataifisha majengo yao na kuyapiga mnada. Meksiko ya Benito Juárez ilifanya hivyo mwaka 1859. Kwa hiyo karne iliyofuata serikali za Hispania na Ureno zilijikuta na majumba ya kale yasiyo na kazi, zikaanzisha mashirika ya hoteli ya umma: Paradores kwa Hispania mwaka 1928, Pousadas kwa Ureno mwaka 1942. Ukilala kwenye Parador ya Granada unalala katika konventi ya Wafransisko alipozikwa kwanza Malkia Isabella mwaka 1504, kabla mwili wake haujahamishiwa kanisa la kifalme mjini humohumo. Hapa pana jambo ambalo watetezi wetu wa sekta binafsi hulisahau: zile hoteli za konventi zinazosifiwa sana, nyingi zilianza kama uamuzi wa serikali. Hata San Juan, bila taasisi ya umma kusema hapana, mwenye fedha angekuta kiwanja cheupe.

Sasa tuje kwenye neno la biashara: mtindo wa kikoloni. Tazama matangazo ya hoteli za aina hii, iwe Karibi, Asia au pwani yetu. Veranda pana, viti vya henzirani, feni la dari linalozunguka polepole, mhudumu aliyevaa nyeupe ameshika sinia. Kinachouzwa pale ni starehe ya mtu mmoja katika picha ile, yule aliyekaa kwenye kiti. Mwenye sinia yumo kama pambo. Nyingine wala si majengo ya zamani: nyumba ya awali ilishavunjwa, kilichobaki ni eneo na jina, na juu yake pamesimama jengo jipya lililovalishwa ukale. Ndugu msomaji, kati ya hoteli iliyo ndani ya konventi na hoteli iliyo juu ya kiwanja cha konventi kuna tofauti kubwa, ila kwenye brosha zinasomeka sawasawa.

Hatuhitaji kwenda mbali kuliona hili. Dar es Salaam ya Wajerumani ilikuwa na hoteli yake kubwa, Kaiserhof. Waingereza walipoingia ikaitwa New Africa. Jengo lile halipo tena. Ipo ghorofa ya kisasa yenye jina lilelile mahali palepale. Jina limerithiwa, matofali hayakurithiwa, na kijana anayepita pale leo hana cha kumwonyesha kwamba aliyeijenga kwanza alikuwa nani na kwa jasho la nani.

Dodoma bado tunacho cha kuonyesha. Hatua chache kutoka stesheni ya zamani ya reli ipo Dodoma Hotel, ambayo wazee wa mji waliijua kama Hoteli ya Reli, na ambayo siku hizi kibaoni imeongezewa neno New. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita hapa kwetu, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mji huu ni mtoto wa reli hiyo. Wajerumani walipohitaji kituo katikati ya Ugogo, stesheni ikaja, boma likaja, na wasafiri wa daraja la kwanza wakahitaji pa kulala. Tabora nako ipo hoteli ya reli ya namna hiyo.

Chini ya Waingereza nafasi hiyo ilizidi kukua. Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ya kutoka Arusha kupitia Kondoa kwenda Iringa, ilikatiza reli hapa. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilipofungua safari ya ndege ya London hadi Cape Town, Dodoma ilikuwa moja ya vituo, baada ya Nairobi na Moshi, kabla ya Mbeya. Ndege ndogo zilizotua kila mara kuongeza mafuta, abiria wa kuhesabika, vumbi la Ugogo. Hebu fikiria ni wasafiri wangapi walioujua mji huu kwa kikombe cha chai tu. Wengi waliondoka na kuandika kwamba hakuna kitu.

Na mji uligawanywa kwa rangi, kama ilivyokuwa desturi ya watawala wale. Majina yamebaki: Uzunguni, Uhindini. Hoteli ilikuwa upande wa nani, msomaji unajua. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, akiwa mpishi, boi, dobi au mbeba mizigo. Hiyo ndiyo historia ya hoteli hii kwa watu wengi wa Dodoma, na ndiyo ambayo hakuna hoteli ya mtindo wa kikoloni popote duniani inayoibandika ukutani.

Lakini lipo zito kuliko hilo. Tarehe 29 Julai 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali van Deventer, yakitokea Kondoa, yaliuteka mji wa Dodoma na kuikata reli. Majeshi yote mawili, la Mjerumani lililoondoka na la Mwingereza lililoingia, yalikuwa yamepita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokuja kukata, hapakuwa na akiba ghalani wala mifugo ya kuuza wala mikono ya kulima. Ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Makadirio ya wakati ule ni kwamba watu 30,000 walikufa katika Ugogo yenye watu wapatao 150,000. Mmoja kati ya watano. Waliosalimika walifika stesheni na vibanda vya mji kutafuta kazi yoyote, chakula chochote. Zipo familia zilizotoa watoto kwa waliokuwa na nafaka ili wasife.

Mtunya ulipita mlangoni pa hoteli hiyo. Treni zilizobeba askari na mahindi yao zilisimama hatua chache kutoka verandani. Ukiulizia leo mjini, utakuta kizazi cha bodaboda na vyuo vikuu hakijasikia hata jina lake, ingawa bibi zao walihesabu miaka kwa njaa hiyo. Sina ugomvi na wenye hoteli katika hili. Kazi yao ni kuuza vitanda, na hakuna mteja anayelipia chumba ili akumbushwe njaa. Ndiyo maana nasema kazi hii si yao peke yao.

Kuna mtu ataniuliza: kwani konventi za Dodoma ziko wapi? Zipo, na zina masista ndani yake. Hapo ndipo tunapotofautiana na San Juan na Oaxaca. Ukatoliki wa mkoa huu bado ni kijana: Dodoma ilifanywa Prefektura ya Kitume mwaka 1935 chini ya mapadre Wapasionisti kutoka Italia, ikawa jimbo mwaka 1953, jimbo kuu mwaka 2014. Mapadre hao ndio wanaotajwa kuleta zabibu Bihawana mwishoni mwa miaka ya 1950, zile zinazouzwa leo kwenye vifuko vya nailoni kila basi linaposimama. Waanglikana walitangulia mbali zaidi, Mpwapwa tangu miaka ya 1870, baadaye Mvumi. Hakuna Mendizábal aliyewafukuza. Shule na hospitali zao zilitaifishwa au kuingizwa kwenye mfumo wa Serikali baada ya Azimio la Arusha, lakini nyumba za watawa ziliachwa.

Kwa hiyo hapa kwetu mambo yalikwenda kinyume: badala ya konventi kuwa hoteli, Kanisa lenyewe limejenga hosteli na hoteli huku likiendelea kusali. Kikao cha Bunge la Bajeti kinapoanza na vyumba vya mji kujaa, wanaofahamu mji hawahangaiki na mitandao, wanapiga simu hosteli za kanisa. Mimi ni mteja wao wa muda mrefu. Kwenye mojawapo, sista wa mapokezi huandika majina kwa mkono katika daftari kubwa alilolipiga mistari kwa rula. Ukimwamkia kwa "Tumsifu Yesu Kristo" anajibu "Milele amina, karibu mwanangu" bila kuinua macho, kisha anakuuliza kama unakunywa chai ya maziwa au ya rangi, maana lazima jiko lijue jioni hiyohiyo. Nyuma ya mlango wa chumba kuna karatasi ya kanuni: pombe hapana, mgeni wa jinsia nyingine chumbani hapana, geti saa nne usiku. Kitanda kimoja, chandarua cha bluu, meza ndogo, Moyo Mtakatifu ukutani. Saa kumi na moja alfajiri kengele inalia, na kama wewe ni mtu wa usingizi, pole.

Nataja hayo kwa sababu chumba kile, kwa ukubwa na utupu wake, hakipishani sana na kile cha mtawa wa karne ya kumi na saba. Kule San Juan mgeni analipia dola nyingi kulala alipolala sista asiyekuwa na kitu. Hapa analipa bei ya mwalimu na sista mwenyewe ndiye anayempa ufunguo. Sijui kama tunajua tulichonacho. Ukarimu wa aina hiyo hauna mtindo wowote wa kuuza, hauna feni la dari wala kiti cha henzirani, na bado umewalaza wajumbe wa mikutano ya mji huu tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yaje Dodoma.

Vivyo hivyo na tembe. Nyumba ya Mgogo, paa bapa la udongo juu ya miti, imezungushwa kuuzunguka ua wa ng'ombe, ni jengo lililofanyiwa kazi na hali ya hewa hii kwa vizazi: baridi mchana wa joto, joto usiku wa upepo. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka kwenye matembe, na bati likamaliza iliyobaki. Sijaona hoteli iliyojivunia mtindo wa tembe. Tunajenga vioo vitupu vinavyolipiwa umeme wa kiyoyozi mwaka mzima, halafu tunasema majengo ya zamani ni mzigo.

Tunarudi kwenye sheria, maana hapo ndipo penye kisiki. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa mwaka 1979. Inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa Kilwa au Bagamoyo huo ni mstari unaoeleweka. Kwa Dodoma, mji wa reli ya karne ya ishirini, maana yake ni kwamba stesheni, Hoteli ya Reli, nyumba za Uzunguni, maduka ya Uhindini, misheni zote, hakuna hata kimoja kinachojilinda chenyewe. Ili kilindwe lazima waziri atoe Tangazo la Serikali kukitaja. Asipotaja, mwenye hati ana haki ya kuleta greda kesho asubuhi, na akishafanya hivyo hajavunja sheria yoyote ya mambo ya kale.

Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyopanga mji huu tangu mwaka 1973, ilivunjwa mwaka 2017 na kazi zake kupewa halmashauri, ambayo sasa ni ya jiji. Ilisifiwa na kulaaniwa kwa mambo mengi ya viwanja, na sitaingia huko. Nataka tu tuone kwamba sasa kibali cha ujenzi na kibali cha kubomoa viko kwenye meza ya madiwani na wataalamu wa jiji, watu tunaowapigia kura au kuwalipa mishahara. Tangu Agosti 2024 treni ya umeme ilipozinduliwa rasmi kati ya Dar es Salaam na Dodoma, abiria wengi wanatelemka stesheni mpya, na ile ya zamani na majirani zake wamepoteza sehemu kubwa ya shughuli iliyokuwa inawapa uhai. Jengo la reli lisilo na abiria ndilo konventi isiyo na masista. San Juan ilikaa nusu karne kabla haijaamua. Kwa kasi ya viwanja vya Dodoma sisi hatutapewa hata miaka kumi.

Atakayeniambia kwamba hoteli pekee ndiyo jibu nitamwelekeza Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta pale mradi wa karanga, wakamwaga pauni milioni 36 kabla haujafutwa mwaka 1951. Majengo yaliyobaki yakawa shule ya watoto wa Kizungu, na baada ya Uhuru eneo hilohilo likawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, FRELIMO, ANC, SWAPO. Hakuna hoteli iliyoyaokoa, na bado historia ya Kongwa inajulikana Windhoek na Maputo kuliko inavyojulikana Dodoma mjini. Yaliyookoa kumbukumbu pale ni mambo mawili: majengo hayakukaa bila kazi, na wapo watu, wengine wakiwa viongozi wa nchi zao, waliokuwa na sababu ya kurudi na kusimulia.

Ningeshauri tuanze na jambo dogo lenye nguvu ya sheria. Jiji liorodheshe majengo ya kabla ya mwaka 1961 yaliyosalia katikati ya mji na liiombe wizara iyatangaze kwa pamoja, kabla mojamoja halijapata mnunuzi. Mwenye hoteli katika jengo lililotangazwa aachwe afanye biashara yake, auze veranda na feni kadiri apendavyo, apewe hata nafuu ya kodi ya majengo kwa gharama za kulitunza. Ila masharti ya kibali yamtake aweke, mahali pa mapokezi panapoonekana, habari ya jengo lake iliyoandikwa na watu wa Makumbusho ya Taifa kwa Kiswahili, ikiwa na reli na waliochimba tuta lake, hoteli na waliopika ndani yake, vita ya mwaka 1916, na Mtunya wenye idadi ya waliokufa. Mgeni asiyetaka kusoma ataendelea na safari yake ya chumbani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma atakayeingia kuulizia bei ya ukumbi wa harusi, atasoma akisubiri.